Dada Ndinda, Picha za Watu Ziko Salama

Dada Ndinda,

Naanza na hili ili usikae na wasiwasi huko uliko: hakuna picha iliyopotea. Hata moja. Harusi zote ziko, mazishi yote yapo, na wale watoto wa nasari waliovaa kofia za karatasi wako vile vile, nusu yao wamefumba macho. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ungekuwa hapa ungeshanikatiza ukitaka nifike haraka kwenye mambo ya mashine.

Baada ya kukuzika, Mama ndiye alinisukuma nifungue studio. Alisema watu wa Kyuso hawawezi kukosa picha za pasipoti eti kwa sababu sisi tuna majonzi. Nikafungua. Nilipiga picha, nikachapisha, nikafagia. Lakini kiti chako sikukikalia. Tangu tuanze kazi ilikuwa hivyo: mimi kamera, wewe kompyuta. Ile kompyuta kuukuu yenye diski nne, uliyoiinua juu ya matofali ili isile vumbi, nilikuwa naipita kama mtu anayepita mbwa wa jirani.

Unakumbuka siku ulipomweleza Mama inavyofanya kazi? Ulimwambia picha zetu zote zimegawanywa kwenye diski nne, kwa namna kwamba moja ikifa, tatu zilizobaki zinaweza kuijenga upya. Mama akauliza, "Na mbili zikifa?" Ukamwambia, "Hapo tutafunga duka, Mwaitu." Mkacheka nyinyi wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa hiyo siku.

Siku moja ya soko alikuja Mama Kasyoka, yule wa kuuza ndengu karibu na posho mill, pale wanaposaga unga. Sijui kama habari zake zilikufikia ukiwa hospitalini. Nyumba yake iliungua kiangazi. Alitoka na watoto na nguo walizovaa, basi. Alisimama mlangoni akaniambia, "Harusi yetu mlipiga nyinyi. Marehemu mzee wangu sina sura yake mahali popote. Iko?"

Nikamwambia iko. Nikafungua kompyuta nikiwa nimesimama, ili nimwonyeshe hapo hapo. Ikakawia. Ikakawia tena, na kutoka chini ya meza nikasikia sauti, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye bati. Nikamwambia arudi siku ya soko ijayo, kwamba stima inasumbua. Stima haikuwa inasumbua.

Alipoondoka nilivuta kiti chako. Nikakaa.

Nilifungua ile skrini nyeusi na kuandika amri uliyokuwa unaandika kila asubuhi nikifagia. Wewe ulikuwa ukiona U nne zimepangana, moja kwa kila diski nzima, unasema "Tuko sawa," halafu unaitisha chai. Mimi niliona U mbili, kistari, kisha U moja. Kile kistari, dada. Kidogo hivyo, na maana yake diski moja imekufa.

Nilimpigia fundi mmoja wa Mwingi. Ni mtu mzuri, sitamlaumu, kazi yake ni simu. Akaniambia, "Leta tu hiyo kitu huku. Tunaformat, inakuwa mpya." Nilimshukuru nikakata. Kuwa mpya, yaani kufutwa yote, ndiko nilikokuwa naogopa.

Hapo ndipo nilielewa ile miezi yako ya mwisho. Ulikuwa unarudi kutoka kusafishwa damu Kitui umechoka hadi sauti imekuwa nyembamba, na badala ya kulala unaniweka mbele ya kibodi. Wewe umejilaza kwenye godoro nyuma ya pazia la kupigia picha, mimi naandika. Nilidhani unataka tu kusahau maumivu. "Soma kwanza," unasema. "Ukishasoma, soma tena. Ndipo ubonyeze Enter." Na siku ile uliponiambia, "Ukikwama, uliza man," nami nikauliza mwanaume gani. Ulicheka hadi ukashika ubavu. Ukanionyesha kwamba ni neno unaloandika mbele ya jina la programu, nayo inakupa maelezo yake yote.

Basi nilimuuliza huyo man. Siku mbili nzima nilikuwa nasoma maelezo ya mdadm, ile programu yako ya kuangalia diski, Kiingereza chake kigumu kama mahindi ya muthokoi ambayo hayajaiva. Nilisoma mahali pa kuondoa diski, mahali pa kuongeza, na mahali pa kuunda yote upya kutoka mwanzo, pale uliponiambia nisikaribie kamwe. Nikaiambia inionyeshe diski zote. Ikasema iliyokufa ni ya tatu. Nilitaka kuruka nichomoe ya tatu kutoka juu. Mkono ulikuwa tayari umefika kwenye skrubu.

Nikakusikia. Sisemi mzimu, Mama asije akaniombea. Nilikumbuka tu, wazi kabisa, na ile sauti yako ya kuchoka: "Usiamini mpangilio, usiamini herufi ambazo mashine inazipa. Amini namba iliyoandikwa kwenye diski yenyewe."

Nikaiuliza mashine namba za diski. Nikazima mashine, nikachomoa diski moja moja nusu, nikasoma vibandiko vyake kwa tochi ya simu. Iliyokufa ilikuwa ya chini kabisa. Ya chini, Ndinda! Ile ya tatu kutoka juu ilikuwa nzima. Ningeifungua vibaya, nikaiangusha sakafuni, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Nilienda Kitui mjini nikarudi na diski mpya. Asubuhi iliyofuata nikaifunga mahali pa iliyokufa, nikawasha, na kabla ya kuandika chochote nikauliza namba tena. Herufi zilikuwa zimehama, kama ulivyosema. Nikaandika amri ya kuongeza. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Mama alikuwa amekuja na sinia la ndengu anachagua mawe, akaniambia, "Ndinda naye alikuwa anakaa hivyo hivyo, mdomo wazi." Nikafunga mdomo, nikabonyeza Enter.

Ikaanza kujenga. Asilimia zilipanda polepole mno, ungedhani inapanda kilima na mtungi. Adhuhuri stima ikapotea kweli, labda kwa ajili ya uongo wangu. Ile betri uliyong'ang'ana tununue, ambayo mimi nilitaka tununue taa za studio badala yake, ikapiga kelele lakini ikashika. Mama aliacha ndengu akaweka mkono juu ya kompyuta, kama anavyopima homa ya mtoto. Stima ikarudi na kompyuta haikuwa imezima hata kidogo.

Jua lilikuwa linaelekea kutua niliposikia Mama akiuliza, "Mbona umenyamaza?" Nilikuwa naangalia U nne.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya duka pale panapowekwa mkaa, nikalia. Kwenye mazishi sikulia, wewe ulijua nisingelia, nilikuwa nahangaika na viti na maji ya wageni. Nililia hapo hadi kifua kikawa chepesi. Kisha nikaingia nikala chakula cha watu wawili.

Mama Kasyoka alirudi. Nilimwekea video yote ya harusi. Sehemu ya keki aliipita. Alipofika pale mzee wake anaposhuka garini na kujipangusa vumbi la suruali kwa kofia, akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena. Huyo ndiye. Alikuwa hawezi kuvumilia vumbi, na amezaliwa Kyuso!" Akacheka huku machozi yanamtoka. Nimemchapishia picha ya hapo hapo, kubwa, na video nimemwekea kwenye simu yake na ya binti yake.

Dada, kuna jambo jingine, na nilikuwa sijamwambia mtu. Siku ulipokata roho, kabla ya uchungu kuja, kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu kilikuwa nafuu, kama kushusha pumzi. Zile safari za alfajiri. Mkono wako uliojaa alama za sindano. Jinsi ulivyokuwa unahesabu vikombe vya maji ulivyoruhusiwa kunywa, katika nchi hii ya joto. Nilifurahi kwamba hutarudishwa tena kwenye ile mashine ya kusafisha damu, na nikaogopa furaha hiyo. Juzi nilimwambia Mama. Akaendelea kukoroga uji, akasema, "Mimi pia." Hivyo tu. Tangu siku hiyo tunalitaja jina lako mezani bila mtu kuinuka na kutoka.

Mama anakula vizuri. Ndengu zimeshika mwaka huu. Pazia la bluu nimelifua, limepauka kidogo.

Na nimenunua diski nyingine, kubwa, ya kubeba. Nilikumbuka ukigombana nami kwamba diski nne katika chumba kimoja bado ni chumba kimoja, moto ukija au mwizi akija zinaenda pamoja. Baada ya Mama Kasyoka sihitaji kuelezwa tena. Ninapoandika haya, nakala ya kila kitu inaingia humo. Jumamosi nitaipeleka kule Kiboko kwa Shangazi Mwikali. Amesema ataiweka kabatini katikati ya nguo zake za kanisa, na ameniuliza kama inahitaji kupewa chakula.

Nakuahidi nitaenda kuibadilisha kila baada ya mavuno, na Shangazi atanilazimisha nikae siku mbili nile. Wewe lala, dada yangu. Usiamke kuangalia mashine. Niko hapa, na kiti nimekishusha kidogo kwa sababu miguu yako ilikuwa mirefu kuliko yangu.

Ndugu yako,
Muthui