Mwenzake Mama Aliye Uingereza

Shieywe, Kakamega
Jumamosi

Dada yangu mpendwa Roda,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Natumai u mzima, mgongo umepoa, na lile koti zito ulilotuonyesha linakufaa. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya neno hilo. Mvua imeanza vizuri. Kaka Lusweti amepanda mahindi shamba lote la Mautuma hadi ukingoni mwa kijito, na mkewe anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana. Anakula kuliko alivyokula mwaka huu wote. Jana alikula ndizi mbili na kikombe kizima cha maziwa, akaomba kingine.

Nakuandikia kwa mkono, kama Baba alivyotufundisha, kisha nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie. Najua ungependa nikupigie simu. Nimejaribu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nilikuuliza habari za theluji, nikaaga. Karatasi hainitazami usoni.

Nianze na Doreen, maana kwa Mama kila kitu kilianza naye. Unakumbuka siku uliyotusimulia habari zake, ulipoanza tu kazi ya kuwatunza wazee katika ile nyumba yenu: bibi wa rika la Mama, figo zake zimekufa zote mbili kama za Mama. Ulisema kwamba mara tatu kwa wiki gari humjia mlangoni kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, dereva humfunika miguu kwa blanketi, na akirudi hakuna anayemdai hata peni. Ulieleza kuwa si bure kama watu wanavyodhani, kwamba gharama hukatwa kwenye mapato ya wote, yako yakiwemo, na kwamba wewe ulilipishwa ada ya matibabu kabla hujapanda ndege. Ulisema pia wapo wanaongoja mwaka mzima kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Mama hakuyasikia hayo. Alisikia gari. Tangu siku ile humwita Doreen mwenzangu, ingawa kwa ulimi wake ni Doleni, na kila Jumapili, kabla hajakuuliza kama umekula, hukuuliza kama Doleni amefika kwenye mashine.

Mimi chuoni niliandika tasnifu nzima juu ya namna nchi mbili zinavyogharimia matibabu, moja tajiri na nyingine yetu. Nilichora majedwali. Wahadhiri walisema nina akili kali. Lakini hakuna jedwali lililonionyesha Mama ameketi kwenye benchi la saruji alfajiri, kitenge begani, akingoja kuitwa, huku akifurahi kwa dhati kwamba mwanamke asiyemjua ameletewa gari.

Sasa nikueleze jambo tulilokuficha kwa aibu, ingawa siku ile tulicheka. Uliwahi kuuliza kwa nini mchango wa Mama wa bima ulitoka mkubwa kama wa mwenye duka la jumla, kisha ukaulipa wa mwaka mzima bila kunung'unika. Ilikuwa hivi. Mama alikuwa ametoka hapa kwangu kwenda nyumbani Mautuma siku za mavuno. Akaja kijana mmoja, Wanjala, na simu yake, kuwaandikisha watu bima mpya. Bima hiyo humpima mtu kwa alicho nacho: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mifugo ni mingapi, nyama mnakula mara ngapi. Maskini alitakiwa aseme tu kwamba ni maskini.

Lakini unamjua Mama. Mgeni ameingia bomani mwake, kijana nadhifu, mwana wa watu, angemwambiaje kwamba hana kitu? Alimkamatia kuku, ingokho ya wageni, akamsongea obusuma, na maswali akayajibu kama anavyowajibu wakwe waliokuja kukagua nyumba. Paa ni la vigae, amejengewa na binti yake wa Uingereza. Kuhusu nyama akasema, "Si ndiyo hii tunakulanga, mwanangu? Ongeza mchuzi." Ilipofika zamu ya ng'ombe, ng'ombe wanne wa jirani yetu mzee Kipngetich walikuwa wakila mabua shambani mwetu, kama kila mwaka baada ya mavuno. Mama akawaonyesha kwa kidole, akasema, "Si ndio wale?" Kipngetich mwenyewe alikuwa amesimama uani, akasikia yote, asimwumbue mbele ya mgeni. Tangu hapo kila akipita husema, "Mama Roda, ng'ombe wako wamechafua maji yangu, njoo uwachape," na Mama humjibu kwamba tajiri hatumwi na mchungaji wake.

Tulicheka mpaka Januari. Ndipo ile hospitali ya misheni tunakokwenda ilipobandika tangazo mlangoni kwamba bima haijawalipa, kwa hivyo kadi haipokelewi, kila mgonjwa alipe taslimu kabla hajaunganishwa na mashine. Nilienda kwenye ofisi yao ya ustawi kuomba Mama apunguziwe. Mwanamke wa ofisi hiyo alikuwa mpole. Alizitazama taarifa za bima kwenye kompyuta, akanitazama mimi, akaniuliza bila kejeli kwa nini familia yenye nyumba ya vigae na ng'ombe wanne inaomba nafasi ya wasiojiweza. Nikasema ng'ombe si wetu. Akauliza ni nani basi aliyedanganya. Kupitia dirishani nilimwona Mama ameketi nje akiningoja, mkoba mapajani, akimwamkia kila aliyepita. Nikasema asante, nikatoka.

Hapo ndipo ulipoanza kututumia pesa kila wiki. Ulisema ni akiba yako, na Mama aliamini, mpaka Jumapili ile ya mwezi wa tatu uliposinzia katikati ya maneno. Simu ilianguka kitandani mwako, tukabaki tunalitazama dari lako na kukusikia ukikoroma. Nilitaka kukata, Mama akanizuia mkono. Alilitazama dari lile muda mrefu. Kisha akaniuliza unafanya kazi saa gani na saa gani, nami nikamwambia ukweli, kwamba ukitoka zamu ya mchana unaingia ya usiku. Akasema polepole, "Kumbe mwanangu anaosha wazee wa watu usiku kucha ili mimi nioshwe damu."

Akina mama wa kanisa walikuja kumfariji. Wakasema afadhali sisi, huko kwa wazungu mzee hufa peke yake, hana wa kumshika mkono; na ni kweli, wewe mwenyewe ulituambia kwamba watoto wa Doreen huonekana Krismasi tu. Mama aliwamiminia chai, akaitikia kila walilosema. Walipoondoka akaniambia kwamba watu ni wazuri sana, lakini watu hawasafishi damu. Angepewa achague, alisema, angechagua gari.

Dada, najua ulishtuka pale mwanzo nilipotaja ndizi. Wewe unayemlisha Doreen unajua kwamba mtu wa mashine hali ndizi, na maziwa hupimiwa. Mama anakula ndizi kwa sababu haendi tena. Baada ya Jumapili ile alianza kwenda mara moja kwa wiki badala ya mbili, akaniapisha nisikuambie. Jumatatu ya wiki iliyopita alikataa kabisa, nikamrudisha Mautuma siku ileile. Lusweti alipiga kelele, akasema atauza sehemu ya shamba. Mama akamwuliza atawalisha nini wanawe, vigae? Lusweti akatoka nje akalia nyuma ya zizi.

Mimi sikupiga kelele. Hili ndilo lililonishinda kulitamka kwenye simu. Mama aliposema basi, kabla huzuni haijanifikia, nilihisi nafuu, kama mtu aliyeambiwa atue mzigo. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini niliihisi, naye akaiona usoni mwangu. Hakukasirika. Alinishika shavu, akasema nimechoka, niende nikalale. Tangu hapo najitafuta ndani yangu nisijione. Nimesoma vitabu vingi kuhusu huruma ya mataifa, na nilipotakiwa kumng'ang'ania mama yangu mmoja, mikono ilikuwa imeshaachia.

Yuko Mautuma tangu siku hiyo. Jumapili iliyopita ulipomwona kitini ukamsifu kwamba amependeza, nilikuwa nimemvalisha blauzi ya mikono mirefu kwa sababu mikono imevimba. Alikuambia ametoka kwenye mashine juzi. Aliyeshika simu ni mimi.

Leo nimekuja Shieywe kuchukua nguo zake, na nimempitia Chepkorir, nesi aliyekuwa akimwunganisha na mashine tangu mwanzo. Mwezi ujao anafanya mtihani wa Kiingereza ili naye aje kufanya kazi huko kwenu. Simlaumu. Akifaulu, pengine ataishia kumhudumia Doreen. Nilimweleza jinsi miguu ya Mama inavyojaa na jinsi anavyosinzia mchana. Alinishika mikono yote miwili, akasema nisikuahidi wiki. Nikuhesabie siku.

Na pesa uliyoendelea kutuma ipo. Mama alinifanya niiweke kando, na sasa inafika nauli ya ndege. Amesema ni yako, ya kuja kumzika, usije ukakopa huko kwa ajili ya kilio. Kila siku ambayo hakuunganishwa na mashine, alikuwa akikununulia kipande cha safari. Nilimwapia kwamba sitakuambia mpaka awe amekwenda. Kiapo hicho nakivunja hapa. Njoo sasa, Roda. Ukinijibu tu, nitakukatia tikiti usiku huu huu. Najua utataka kumlazimisha arudi hospitali. Jaribu. Mimi sina tena neno ambalo hajalijibu. Wala sikuahidi kwamba utamkuta.

Nisalimie wenzako wa zamu. Lusweti anakusalimu, na wanawe wanauliza kama utakuja. Mzee Kipngetich anakusalimu. Kila asubuhi analeta maziwa, anasema yametoka kwa ng'ombe wa Mama Roda, wala hapana anayecheka tena.

Salamu za Mama nimekupa mwanzoni, lakini si zote. Leo asubuhi nilikuwa nimeshafika langoni aliponiita. Nilirudi mbio hadi kitandani, nikidhani ananiaga. Alitaka kujua kama leo ni siku ya Doleni. Nikamwambia ndiyo, gari limekuja, wamemfunika miguu, wamekwenda. Akasema vizuri, akafumba macho.

Ni mimi mdogo wako,
Navalayo