Mkono wa Kushoto

Kabati, Jumamosi, Agosti 1978

Huu mkono wangu umeniponza.

Wiki nzima kwenye mafunzo ya viongozi wa skauti tulisalimiana kwa kushoto, desturi ya maskauti, mpaka nikazoea. Leo asubuhi nikaenda kwa Mzee Nzioka kumwomba shamba la kupigia kambi, nikamnyooshea huo huo wa kushoto. Mbele ya wageni wake!

Hakuupokea. "Mwalimu, kwani mimi ni nani unisalimie hivyo? Haya ndiyo mnafunza mtoto wangu?"

Nikaeleza kwamba kushoto ndiko uliko moyo. Kueleza kukaharibu zaidi. Ningesema tu pole! Sijui kwa nini lazima nieleze kila kitu.

Shamba sipati, hilo nimelimeza. Naogopa wazazi wengine. Kesho kanisani watakuwa wamesikia, na wavulana wa kikosi changu ni kumi na mmoja tu...

Jioni akaja Muthama, mwana wa mzee, kiongozi wa wavulana wangu. Alirudisha skafu yake ya skauti, imefuliwa na kukunjwa. Alinipa kwa mkono wa kulia, ameinamisha kichwa.

"Baba amesema asante, mwalimu."

Adabu hiyo sikumfunza mimi.