Furushi Lililotangulia

Gadag, 2 Desemba 1943

Mjomba Raghottam,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mchele umeanza kupatikana tena huko Bombay. Sisi hatujambo. Kifua cha mama kimetulia tangu aache kulala barazani. Babu amebaki na meno saba na bado anatafuna karanga.

Uliponiona mara ya mwisho, kwenye msiba wa bibi, nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo najitambulisha: ni Indumati, mtoto wa dada yako Ambakka. Tangu baba afariki tunaishi hapa kwa babu. Nina miaka kumi na sita na niko darasa la mwisho. Mtihani wa kumaliza shule utafanyika Dharwad mwezi wa tatu. Fomu yangu imejazwa, imebaki sahihi ya mlezi, na mwalimu mkuu wetu anazituma zote tarehe 31 mwezi huu. Yangu isipokuwemo, basi. Mwakani kuna watu wa Hubli wanataka kuja kuniangalia, na nikishaolewa hakuna atakayenirudisha darasani.

Babu hataki kutia sahihi. Nilimwambia, "Babu, ni jina lako tu." Akasema, "Jina langu niliwahi kuliandika kwenye fomu kama hiyo. Mtihani ukamchukua mwanangu mpaka Bombay." Mama akamwambia, "Baba, Raghottam alifaulu, hakufungwa." Akajibu, "Basi huyo aliyefaulu aniandikie mwenyewe kwamba mtihani ni kitu chema. Nitatia sahihi siku hiyohiyo."

Ndiyo haja yangu, mjomba. Mistari miwili kwa babu. Mama anasema hujamwandikia tangu uondoke, na kwamba nisikuulize kwa nini. Sikuulizi.

Mpwa wako,
Indumati


Bombay, 10 Desemba 1943

Indumati mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mchele tunaupata siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ni ngano. Mpe mama yako salamu, na umwambie asirudi kulala barazani kabla ya mwezi wa pili.

Barua yako umeipanga vizuri. Umetaja tarehe, sababu na ombi. Wapo watu ofisini kwetu wasioweza.

Siku zetu mambo yalikuwa hivi. Tuliwajua wafalme wa Uingereza kwa zamu zao na miaka waliyotawala, lakini hakuna aliyejua nani alichimba kisima cha mtaani kwetu. Insha tulizikariri. Mwaka uliotutangulia ilitoka "Asubuhi ya theluji", basi darasa zima tukakariri theluji, vijana ambao hatukuwa tumeona hata mvua ya mawe ya maana. Rafiki yangu mmoja alifunga kishungi chake cha nywele kwa uzi kwenye msumari wa ukutani, ili akisinzia avutwe aamke. Aliamka kila mara. Hesabu alifeli.

Wewe usikariri. Soma swali mara mbili, andika unachokijua, kisha nyamaza. Ukifeli somo moja umefeli yote, kwa hiyo jioni anza na lile unalolichukia.

Kuhusu kumwandikia babu yako, siwezi. Mwombe mwalimu mkuu aje nyumbani azungumze naye.

Mjomba wako,
Raghottam


Gadag, 15 Desemba 1943

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, nawe nakuombea hivyo.

Ushauri nimeufuata. Mwalimu mkuu alikuja juzi. Babu alimkaribisha kahawa, akamsikiliza nusu saa, akamuuliza ng'ombe wake anatoa maziwa kiasi gani, akamsindikiza mpaka mlangoni. Sahihi hakutia.

Mama anasema unaandika habari za mahakama na magavana kila siku, na maelfu ya watu usiowajua wanakusoma. Babu ni mtu mmoja, na unamjua. Nilisema sitauliza kwa nini. Sasa nauliza. Zimebaki siku kumi na sita.

Mpwa wako,
Indumati


Bombay, 20 Desemba 1943

Indumati,

Marahaba. Sijambo. Umeuliza, nakujibu.

Babu yako anataka kuandikiwa na aliyefaulu. Mimi sikufaulu. Wala sikufeli. Sikufanya mtihani.

Mwaka 1917 karatasi ya kwanza, ya Kiingereza, ilikuwa Jumatatu saa tano asubuhi. Baba alifungua kitabu cha falaki akaona Jumapili, siku yangu ya treni, ni mbaya kwa safari, na siku njema ya karibu ni Alhamisi. Unajua inavyofanywa kwetu: mtu asipoweza kuondoka saa njema, mzigo wake unaondoka badala yake. Alhamisi hiyo, saa mbili na dakika kumi, baba alibeba furushi langu akaliweka kwa jirani yetu Basappa. Furushi likishatoka halirudi ndani. Ningelipitia Jumapili nikienda stesheni. Lilikuwa na nguo, mikate ya mtama, kalamu, na kadi ya kuingilia mtihani. Kadi niliiweka mimi. Hilo ni kosa langu, si la baba.

Jumapili alfajiri mama yake Basappa alifariki. Katika nyumba iliyofiwa hakitoki kitu mpaka itakaswe, siku kumi. Nilisimama nje nikiliona furushi mlangoni, kama hatua nane. Basappa mwenyewe alisema, "Mwache mtoto achukue, mama hatakasirika." Baba alikataa. Aliniambia, "Nenda ukawaeleze. Wasimamizi nao wana wazee wao." Nikaenda.

Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Sasa kadi iko wapi?" Nikasema iko kwa jirani. "Ni mbali?" Nikasema maili hamsini hivi. Akasema, "Kijana, kadi haina miguu. Wewe unayo." Mlango ulifungwa saa tano kamili.

Nilikaa siku tano kwenye nyumba ya wasafiri ya hekalu. Kila asubuhi nilitoka na wenzangu, kila jioni nilirudi nao. Nyumbani nilisema walinipokea. Matokeo yalipotoka gazetini, namba tupu bila majina, nilimwonyesha baba namba ya mtu mwingine. Alizungusha sinia la peda, vile vitamutamu vya maziwa, mtaa mzima. Siku ya nne nilipanda treni ya Bombay kabla mtu hajauliza cheti. Gazeti ninalofanyia kazi lilinipima kwa kunipa ukurasa mmoja niutafsiri. Cheti hawakukitaka.

Kwa hiyo siwezi kumwandikia kama aliyefaulu. Barua hii unaweza kumsomea au kuichoma. Ukimsomea, usiruke mstari.

Mjomba wako,
Raghottam


Gadag, 28 Desemba 1943

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Nimeisoma yote.

Babu alikuwa barazani anabambua karanga. Mama alikuwa jikoni, nasi tulisikia anavyopigapiga mikate. Nilipofika kwenye furushi, sauti ya mikate ilikatika. Babu hakusimamisha mikono mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili. Mengine yako sawa."

Mama akatoka na unga mikononi. "Baba, ulikuwa unajua?"

"Mwalimu wake mkuu alikuja kula peda. Akaniuliza namba, nikamtajia. Akasema hiyo ni ya mtoto wa fundi saa wa Hubli."

"Sasa sinia liliendeleaje kuzunguka?"

"Lilikuwa limeshatoka nyumbani. Kilichotoka hakirudi."

"Miaka ishirini na sita," mama akasema, "kila mgeni anayekanyaga hapa unamwambia mwanao kafaulu."

"Ulitaka niwaambieje? Kwamba mtoto alikuwa tayari, na mimi ndiye niliyemsimamisha hatua nane kutoka kwenye kadi yake?"

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alitaka kuandikiwa na aliyefaulu. Akasema, "Nilitaka kuona kama bado anadanganya. Angeniletea uongo mwingine, wewe ningekuoza Hubli." Sijui kama alikuwa anatania. Mama pia hajui.

Akaomba kalamu. Sahihi imechukua nusu ya ukurasa, mwalimu mkuu amecheka. Fomu ameipokea leo.

Mpwa wako,
Indumati


Gadag, 27 Machi 1944

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, ila babu amechubuka pua kwa jua. Asante kwa maswali ya hesabu uliyonitumia mwezi wa pili. Mawili yalitoka karibu hivyohivyo.

Mtihani ulianza Jumatatu iliyopita. Usidhani babu ameacha mambo yake. Siku njema ilikuwa Jumatano kabla yake, na furushi lilitoka kwa saa yake, likapelekwa kwa mjane wa Basappa. Lakini ndani aliweka nazi moja na sari kuukuu ya mama. Kadi alikaa nayo mwenyewe, kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti hakulivua siku zote hizo hata wakati wa kulala. Mama akamwambia, "Baba, utaiva humo." Akasema, "Joto halijamfelisha mtu."

Alinipeleka Dharwad. Kila siku alikaa nje ya geti tangu saa nne hadi jioni, na chombo cha wali wa mtindi mapajani. Kadi alinipa mlangoni, na nikitoka aliichukua tena. Siku ya Kiingereza nilitoka nikamkuta bawabu anamchokoza, kabla babu hajaniona.

"Mzee, wazazi wote wameenda sokoni, wewe umehamia hapa. Kwani una watahiniwa wangapi?"

"Wawili," babu akasema. "Mmoja yuko ndani."

"Na wa pili?"

"Amechelewa."

Bawabu alidhani ni mzaha, akamletea kigoda. Babu hakukikalia.

Insha nilichagua "Soko la mji wangu". Hesabu ndiyo inayonitisha. Jiometri niliacha swali moja, na la tano sina hakika nalo. Namba yangu ni 4316. Matokeo yatapita kwenu kabla ya kufika huku. Tafadhali usilete telegramu. Hapa ikija telegramu watu huanza kulia kabla ya kuifungua.

Mpwa wako,
Indumati


Gadag, 4 Mei 1944

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, lakini hatujui kama wewe ni mzima. Barua yangu ya mwezi wa tatu haijajibiwa, na tangu ule mlipuko wa bandarini kwenu tarehe 14 Aprili, gazeti linasema tu moto umezimwa. Majina ya watu hawaandiki.

Babu anakwenda posta kila asubuhi. Karani amemwambia, "Bhimacharya, barua ikija nitakuletea mwenyewe." Babu akamjibu kwamba anatembea kunyoosha miguu. Tangu nizaliwe sijamwona akinyoosha miguu.

Tuandikie hata neno moja. Telegramu nayo lete, tutavumilia.

Mpwa wako,
Indumati


Bombay, 10 Juni 1944

Indumati mwanangu,

Marahaba. Natumaini telegramu yangu ya mwezi uliopita ilifunguliwa kabla ya kilio. Siku ya mlipuko nilikuwa nje ya ukuta wa bandari, sikuumia. Baadaye wiki tatu nilizunguka hospitalini na kambini nikiandika majina, na mengi ya hayo mkaguzi wa serikali hakuyaruhusu yachapwe. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni muda wote. Kutokuijibu hakuna udhuru mwingine.

Orodha ya mtihani imeletwa kwenye kiwanda chetu cha uchapaji leo saa tisa alasiri. Kukagua prufu za namba, karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, si kazi yangu, niliomba nipewe. Namba 4316 ipo, safu ya tatu, baada ya 4309. Niliisoma mara tatu. Kisha nikamwita msahihishaji wa prufu, nikamwekea kidole bila kumwambia natafuta nini, nikamwambia asome kwa sauti. Alisoma 4316.

Umefaulu, Indumati, tena masomo yote. Gazeti litafika Gadag kesho kutwa, na barua hii huenda ikaja nalo kwenye treni moja.

Namba sita zilizo kati ya 4309 na yako hazimo. Kama kati yao wamo wasichana uliokaa nao, waandikie kabla hujaanza kusherehekea. Mtihani wanaweza kuurudia. Wengi hawajui hilo, au hawana wa kuwaambia.

Chuo cha Dharwad kinapokea maombi mpaka tarehe 20. Nimeuliza: wasichana wanachukuliwa, na fomu inataka sahihi ya mlezi. Watu wa Hubli wakija kabla ya tarehe hiyo, wapewe kahawa waulizwe habari za ng'ombe wao.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa mara mbili. Ni ya baba. Mpe mkononi, usimsomee. Hata macho yake yakisumbua, mwache ahangaike nayo mwenyewe. Ina mistari mitano. Wa kwanza ni wa kumwamkia tu, na ndio ulionichukua siku mbili.

Mjomba wako,
Raghottam