Maneno ya Mwisho ya Mashine ya Hajati

Baba Safia,

Huko Juba uliko, soma pole pole. Najua wewe hupenda kurukia mwisho.

Unakumbuka ile kompyuta ya duka la Hajati hapa Koboko, tunapochapishia watu picha na barua? Uliipanga mwenyewe, mimi na mimba yangu nikikushikia tochi. Ulinionyesha kipande kidogo cha kumbukumbu ambamo mashine huandika kilichoiangusha, kabla ya kujiwasha tena. Nikauliza: na herufi zikiharibika humo? Ukasema iko njia ya kuzisahihisha, ila inakula nafasi. Ukaizima ndani ya programu yenyewe, bila kuacha mahali pa kuiwasha.

"Mutu gani hapa atataka kubadilisha? Fundi ni mimi."

Ukajifuta jasho kama daktari. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikakuona mkubwa.

Ukaenda zako. Mashine ikawa inaanguka kila wateja wakijaa. Nikifungua kile kipande, takataka tupu. Hajati akasema, "Binti, iko maziwa ya mtoto umemwaga ndani. Ijumaa lete ufunguo wa duka, kazi imeisha." Nilimnyonyesha Safia machozi yakimdondokea kichwani. Duka hilo ndilo uji wake.

Akaja Neema, fundi Mkongo anayekaa Arua. Hakujipiga kifua. Alibadilisha programu yako, usahihishaji ukawa kitu cha kuchagua: unautaka, unawasha; mwingi au kidogo, unaandika mwenyewe kwenye mipangilio. "Kila mashine na shida yake, mama," akasema. Tukauwasha. Mashine ilipoanguka tena, maneno yakatoka yanasomeka, na jina la muuaji juu kabisa: kile kiprogramu cha printa ulichotunga wewe, ukakipa jina lako.

Hajati alicheka hadi mtandio ukamtoka. "Wallahi, mwizi ameacha kitambulisho!"

Fundi gani wewe? Hata kuku hugeuka kuangalia alichotaga.

Ufunguo ungali kiunoni mwangu. Jumamosi nakwenda Arua, Neema ananifundisha. Naelewa kidogo, nitaelewa zaidi. Safia ameota meno, anauma kila kitu, hata kidevu cha Hajati.

Jana ulimwandikia Hajati eti unarudi, akukabidhi mashine. Amenisomea, akaniuliza, "Nimjibu nini?"

Nikamwambia: "Aje amuone mtoto, karibu. Mashine asiguse."

Mimi,
Mama Safia