Mwalimu Kadzo, Ulijua Kwamba Sisomi

Mpendwa Mwalimu wangu,

Jumapili niliketi sebuleni kwangu hapa Buxton, Mombasa, na binti yangu Rukia, tukatazama filamu ya mtoto asiyejua kusoma na mwalimu aliyekataa kumwacha. Wenzake walipoanza kumcheka, Rukia alijifunika leso usoni. Lakini aliyelia ni mimi.

"Mama, mbona walia? Si filamu tu?"

Nikamwambia kwamba mtoto yule namjua, na mwalimu wake pia nilimjua.

Ulikuwa wewe, ingawa hamkufanana hata kidogo. Yule wa kwenye filamu ni kijana mwenye sauti ya kubembeleza. Wewe ulikuwa mkali. Ukiingia darasani tulinyamaza kabla hujafika mezani.

Nilikuwa darasa la nne, katika ile shule yetu nyuma ya Makadara, na hakuna aliyejua siri yangu ila Salma, jirani yangu wa dawati. Kila asubuhi alinisomea somo la siku, nami nikalihifadhi lote kama nilivyohifadhi sura za Kurani chuoni. Nikiitwa, nasimama, nashika kitabu, natiririka.

Siku moja ulinijia na kitabu chako mwenyewe. "Soma hapa, Mwanaisha." Nikasoma hadithi ya sokoni aliyonisomea Salma asubuhi, mpaka mwisho, bila kukwama. Nilipoangalia vizuri, nikaona ukurasa ulionifungulia una picha ya garimoshi. Nikangoja fimbo, nikangoja kicheko cha darasa zima.

"Ahsante," ukasema. "Keti."

Wenzangu walipotoka kwenda kucheza, ukanizuia. "Herufi zafanyaje ukizitazama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza kwa nini mimi mvivu, kwa nini sitilii maanani. "Zageuka, Mwalimu. Hazitulii."

"Basi tutazituliza, moja baada ya moja."

Matokeo ya muhula yalipotoka nilikuwa wa mwisho tena, na mamangu akaamua kuniachisha shule. Ukaja nyumbani kwetu Majengo bila kuitwa. Mama alikuwa ukumbini akitayarisha mahamri ya kuuza.

"Karibu, Mwalimu, kaa kitako. Lakini nisikufiche. Huyu masomo hayamwingii. Heri akae nami ajifunze kazi."

Hukubishana naye. Ulivuta sinia la unga, ukakishika kidole changu, tukaandika b, tukaandika d, tukafuta, tukaandika tena. Kisha ukaniambia nifumbe macho niziandike peke yangu. Nikaziandika, na kwa mara ya kwanza nilihisi tofauti ya b na d mkononi kabla ya kuiona. Halafu ukaniongoza herufi kwa herufi mpaka tukamaliza neno moja refu.

"Zubeda," ukamwambia mama. "Hilo ni jina lako. Ameliandika mwanao."

Mamangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alilitazama muda mrefu. Kisha akainuka akachukua unga mwingine, lile sinia akaliacha vile vile.

"Nipe mwaka mmoja," ukasema.

"Mmoja, Mwalimu. Sizidishi."

Mtoto wa kwenye filamu alipata tuzo, shule nzima ikampigia makofi. Mimi, baada ya mwaka wa kukaa nawe kila adhuhuri wenzangu wakila, nilikuwa wa tano kutoka mwisho. Ulinikabidhi ripoti bila hata kutabasamu. "Wanne wako nyuma yako. Twende." Wallahi sijapata sifa iliyonipendeza kuliko ile.

Leo mimi ni fundi wa umeme, Mwalimu. Michoro ya nyaya inayowatoa wengine jasho, mimi naielewa mara moja. Nikichoka, herufi bado hugeuka. Nazingoja, hurudi.

Uliporudi kwenu Kaloleni nilisema nitakuja kukushukuru. Habari ya kifo chako ilinifikia ushazikwa. Hilo limeniuma, na sitajifanya halikuniuma.

Lakini sikiliza. Rukia naye herufi hazimtulii. Leo niliitwa shuleni kwake. Mwalimu wake, kijana mstaarabu, akaniambia mtoto hafanyi bidii. Rukia alisimama kando yangu, macho chini. Zamani ningelia. Leo nilivuta kiti nikaketi.

"Mwalimu, anafanya bidii kuliko wote darasani mwako. Mimi nilikuwa hivi hivi. Nilifika darasa la nne sijui kusoma hata jina langu."

Rukia aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa akijua. Nikamsimulia yule kijana habari zako zote, naye akafunga daftari lake, akauliza, "Alianzaje?" Tulikaa mpaka kengele ikalia.

Tulitoka langoni. Tukavuka barabara. Kisha Rukia akasema, "Kesho herufi zikigeuka, mimi mwenyewe nitamwambia Mwalimu."

Pumzika, Mwalimu. Ahsante yangu imechelewa, ipokee hivyo hivyo.

Mwanafunzi wako,
Mwanaisha