Mpiga Pasi Nisiyesema Naye Ndiye Mwenzangu Mchezoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie jambo moja tu, maana mengine yote nayaweza mwenyewe. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mjukuu wangu alitaka kuniandikia nikamwambia kaa pembeni, shule niliiacha mapema lakini herufi hazijanitupa. Mimi ni mkata nguo kwenye karakana ya ushonaji, na sijisifu, nasema ukweli, mkasi kama wangu hakuna, wenzangu wanachora chaki wanafuta wanachora tena, mimi nachora nakata, na suruali inamkaa mtu kama kazaliwa nayo.

Sasa tumeletewa msimamizi mpya, binti wa rika la kitinda mimba wangu, akasema kila Ijumaa tukishazima mashine tusogeze meza tucheze michezo humo humo ndani ili tuzoeane. Nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, hawa nawajua mpaka vikohozi vyao." Akasema, "Haya babu, tutaona." Basi wakaona. Tulipocheza kuigiza bila kusema niliigiza cherehani iliyokatika uzi wakaijua palepale, tulipojenga minara ya vikombe vya plastiki yao ikaanguka wangu ukasimama mpaka wakachoka kuuangalia, maana mkono wangu hautetemeki, nikaona kumbe michezo hii imeletwa kwa ajili yangu.

Tatizo likaja kwenye mchezo wa kufungwa macho. Mmoja anafungwa kitambaa, mwenzake anasimama ukutani anamwongoza kwa mdomo apite katikati ya viti asiguse hata kimoja. Tukapiga kura za wenza, na mimi nikaangukia kwa Mvuke. Huyo ndiye mpiga pasi wetu, na mimi sisemi naye tangu liharibike koti la mahameli la bwana harusi mmoja. Nikiwa na neno lake nalipitishia kwa fundi mama anayeshona makoti, nasema, "Mwambie huyo aharakishe mashati," na Mvuke yuko papo hapo anasikia, anajibu, "Mwambie huyo yanakuja."

Usidhani mimi ndiye mwenye makosa. Koti nililikata mwenyewe, kila kipande kwa kipimo chake. Fundi mama alipounganisha tu akaniita, "Mzee, mbona bega hili lina giza na hili linang'aa?" Nikamwambia, "Wewe shona, pasi italinyoosha." Likaenda kwa Mvuke likarudi na giza lake vilevile, sasa nani kaliharibu kama si mwenye pasi? Nilimwambia hivyo mbele ya mteja, akanuna, na mimi nikanuna kumzidi.

Ila kushindwa siwezi. Nikafungwa macho, nikamsikia Mvuke, "Mbele mzee. Simama. Kiti kiko gotini kwako, inua mguu, siyo huo, huo mwingine!" Watu wakacheka mpaka basi, lakini sikugusa kiti, na Ijumaa zilizofuata sikugusa pia, tukawa wa kwanza karakana nzima, kikombe cha ushindi kiko juu ya meza yangu ya kukatia. Mvuke akaniambia, "Umeona mzee? Ukinisikiliza tunafika." Nikamgeukia fundi mama, "Mwambie sikumsikiliza, njia naijua."

Ijumaa hii tunapambana na watu wa ghala, na msimamizi anasema safari hii wenza wanabadilishana, aliyeongozwa anaongoza. Yaani Mvuke afungwe macho na mimi niseme naye, mbele ya watu wote! Nikauliza kama naweza kupiga mluzi, akakataa. Makofi, akakataa. Kubadilishiwa mwenza, akasema, "Babu, ni Mvuke au ukae." Nikikaa kikombe kinahamia ghalani kwa watu wasiojua kushika hata sindano. Nifanyeje nishinde bila kusema naye?

Ni mimi, Mkasi Usiokosea.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Mkasi, shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, na kwanza nikupe haki yako: mtu wa umri wako kuigiza cherehani mbele ya vijana na kuwashinda, hongera, wengi wa rika lako wangekaa kwenye kona wanaguna.

Sasa nikuulize. Macho ulifungwa, viti vimetawanywa, njia uliijuaje? Usinifanye mtoto, baba. Uliijua kwa mdomo wa Mvuke. Mtu uliyemnunia angeweza kukupeleka ukajikwaa ukaanguka chali watu wacheke, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo hata Ijumaa moja. Hicho kikombe unachokitazama mezani kwako nusu yake ni yake, na nadhani unajua.

Tuje kwenye koti. Mimi si fundi, lakini gauni la mahameli nimevaa. Ukipitisha kiganja kuelekea huku linang'aa, ukikirudisha linaingia giza, kwa sababu manyoya yake yamelala upande mmoja. Kipande kimoja kikikatwa manyoya yakitazama juu na kingine yakitazama chini, hata vipimo viwe sawasawa, vikiunganishwa vinakuwa kama vitambaa viwili. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba fundi mama aliliona giza kabla koti halijafika kwenye pasi. Kabla, mzee! Mvuke angeliharibuje koti ambalo hajaligusa? Ni mkasi, baba. Mkasi mzuri, siku moja uligeuza kitambaa. Lakini ukamwaibisha mtu mbele ya mteja kwa jambo lako, halafu ukanuna wewe.

Sikuombi umlilie begani. Fanya hivi: usingoje Ijumaa, maana neno la kwanza kwa Mvuke lisiwe "kushoto". Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nenda mwenyewe mpaka kwenye meza ya pasi, fundi mama umwache kwenye makoti yake. Msalimie. Kisha mwambie, "Lile koti nilikata vibaya mimi." Maneno hayo tu, usiongeze sifa zako nyuma yake. Mteja akipatikana, na yeye aambiwe.

Ijumaa simama ukutani umwongoze Mvuke kwa sauti, polepole, kama unavyokata kitambaa cha bei ghali. Naamini mtashinda, maana jicho lako halipimi nguo tu, na yeye atakuwa anakuamini.

Na kikombe mkikipata tena, usikirudishe kwenye meza yako. Kipeleke kwenye meza ya pasi, na ukipeleke kwa mkono wako.