Nilikuhutubia Badala ya Kukutania

Mpendwa mtani wangu Hashimu,

Wanaosoma makala zangu wanajua kwamba nikimwandikia mtu kwa jina lake, basi nataka kumrarua. Leo wa kuraruliwa ni mimi.

Unaikumbuka siku ya nne ya safari yetu ya miguu, kutoka Mtwara mjini hadi Newala, mabegi mgongoni, likizo yako ya Juni? Tulikuwa tumelala bondeni karibu na Ruvuma, na asubuhi ukungu wa kipupwe ulikuwa umeumeza mlima wote. Ukasema tupandie njia ya bibi yako, aliyoipanda ujanani na mtungi wa maji kichwani, kwa kuwa kwenu Newala, juu ya mlima, hakukuwa na kisima. Wewe Mmakonde ulibeba madumu mawili ya maji. Mimi Myao nilibeba vitabu vinne na chupa moja.

Chupa iliisha hata nusu ya mlima hatujafika. Niliimaliza kwa kuongea: kuhusu gesi inayosafiri kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, huku akina mama wa bondeni wakiteka maji mtoni. Ulinisikiliza bila hata kuhema. Kisha ukaketi juu ya jiwe, ukaninywesha kwa kifuniko cha dumu, kidogo kidogo kama kifaranga, ukiuliza kama Wayao wote hutafuna karatasi wakishikwa na kiu. Nikakujibu kwamba Mmakonde akipewa kitabu hukichonga. Ulicheka mpaka dumu moja likakuponyoka, likabingirika kurudi bondeni, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Alasiri magoti yangu yaligoma. Ukalivaa begi langu kifuani, lako likiwa mgongoni, ukapanda kama kobe aliyesimama wima. Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa umeshaondoka. Mto ulionekana chini, mwembamba, na ng'ambo yake Msumbiji. Ukautua mzigo, ukasema:

"Nikitangulia mimi, mtani, usije ukanihutubia. Nitanie. Mama yangu acheke."

Nikakuahidi. Nikaongeza kwamba kaburi lako tutalichimba fupi, maana urefu wenyewe huna.

Mwaka huu ulianguka darasani pale Ziwani ulipokuwa ukifundisha na kuishi na mama yako, ukafia njiani ukipelekwa hospitali mjini. Nilifika msibani nawaka. Watu wote walikuwa wakimngoja mtani: nilale mlangoni nilizuie jeneza, nivae kanzu yako, niuige mwendo wako. Mimi nikasimama nikahutubia. Nikailaani barabara, nikalilaani gari lililochelewa, nikawalaani wakubwa wanaotibiwa mbali. Nilisema kweli tupu, tena kwa ufasaha. Mama yako, Bi Somoe, alinitazama muda wote kama anayetazama njia, mgeni wake hatokei. Nilipomaliza, wakakubeba kimya, wakaenda kukuzika.

Nimegombana na watu miaka thelathini, na sikuwahi kujua kwamba hasira inaweza kuwa uoga. Hasira nilikuwa nayo tayari, sikuhitaji kuitafuta. Lakini maiti hutaniwa na mtu aliyekwisha kukubali kwamba ni maiti. Mimi sikukubali, kwa hiyo nikapiga kelele.

Siku ya arobaini nilirudi Ziwani. Nikajilaza kizingitini, nikagoma kuondoka mpaka nipewe jogoo wako, nikisema marehemu alikuwa mchoyo kiasi cha kufa ili asigawane mchuzi na Myao. Shangazi zako wakanimwagia maji, wakinizomea kwamba nimechelewa kama kawaida ya kabila langu. Bi Somoe akacheka. Alishika mbavu, Hashimu, machozi yakimtoka, akasema, "Huyu ndiye. Sasa amekuja."

Nami nikanyamaza, maana ilikuwa zamu yako kujibu. Niliinua uso kutoka pale chini, nikangoja. Wakadhani ni sehemu ya utani, wakazidi kucheka.

Sina neno lingine la kukuaga. Umenishinda, Mmakonde, na si kwa hoja.

Mtani wako,
Myao wa Chuno